Mwenzi wa Mlinzi

Chumba cha juu ya duka,
3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Mimi sijambo, ila kiwiko cha mkono wa pasi kinanisumbua kila asubuhi mpaka kipate moto. Boila iligoma siku mbili. Fundi akaja, akaipiga teke, ikawaka, nami nikamwambia teke la namna ile ningeweza kulipiga mwenyewe. Mama wa yule Mtu wa Redio unayefanya naye kazi huko mlimani, kwenye kituo cha hali ya hewa, ameleta mapazia ya nyumba nzima yafuliwe. Anasema mwanawe anakusifu kwa kupima upepo na kukulaumu kwa kutokula. Kula, mwanangu.

Sasa nikwambie lililonikalisha kitako. Karani amekufa. Nilimkuta Jumanne asubuhi amelala juu ya karatasi alizozichana mwenyewe, wewe unamjua, alikuwa akichana kila kitu kama karani aliyeambiwa wakaguzi wako mlangoni. Hakuwa na jeraha, hakuwa na uvimbe. Alikuwa na miaka mitatu na ushee, na ni wewe uliyeniambia kwamba panya wa jangwani akifika hapo ni mzee. Nimemzika kwenye chungu kile cha maua cha ngazini, kwa heshima zote.

Ila anayeninyima raha si Karani. Ni ndugu yake. Tangu siku ile Mlinzi anakaa pembeni mwa sanduku la kioo na kupiga miguu ya nyuma, tap-tap-tap, kisha ananyamaza, kisha anaanza tena. Mteja mmoja aliniuliza kama bomba linavuja. Nikasema ndiyo, ningemjibu nini? Dobi anayefuga panya akijulikana, nguo zote zitaondoka kwa miguu yake zenyewe. Mbegu za alizeti anaziacha zilivyo. Mbavu zimeanza kuonekana.

Uliponiaga uliniachia viumbe viwili tu vya kutunza, na mmoja ameshanitoka mkononi. Mkataba wako unaisha Juni. Nataka ukirudi umkute huyu hai, na sitaki kuwaza utakavyoniangalia usipomkuta. Nafikiri nimtafutie mwenzi. Muuza ndege wa mtaa wa pili anasema anao wa aina hiihii, wenye kishungi mkiani. Niambie nifanyeje, na niambie upesi, maana huko kwenu simu haishiki na hilo gari la mahitaji linapanda mara moja kila wiki mbili. Mimi si mtu wa kungoja, unanijua.

Nakukumbuka.

Shangazi yako


Kituoni,
14 Februari

Shangazi, shikamoo.

Gari limefika sasa hivi na linaondoka sasa hivi, dereva anaogopa ukungu. Sisi wazima. Upepo ulichukua ndoo mbili na kofia ya mpishi.

Karani nimemlilia stoo, nyuma ya magunia, nisionekane. Asante kwa kumzika.

Tafadhali, tafadhali, usimweke panya mgeni ndani ya sanduku la Mlinzi. Wataumizana mpaka mmoja afe. Tafuta dume mchanga, wa wiki saba au nane, usichukue mkubwa. Weka wavu wa chuma katikati ya sanduku, Mlinzi huku, mgeni kule. Kila siku wabadilishe pande: wa huku aende kule, wa kule aje huku. Siku kumi au zaidi. Usiutoe wavu mpaka uone wanalala wameegemeana kupitia wavu.

Jino la pembe si dawa ya pengo, Shangazi, lakini peke yake hataishi.

Dereva anapiga honi. Kuhusu Juni tutaongea.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Huku ni wazima, ukiondoa nitakayokueleza.

Barua yako imefika siku tatu baada ya damu. Tarehe 15 nilikwenda kwa muuza ndege na nikarudi na dume kubwa, zuri, rangi ya majivu. Nikajiambia: wote panya, wote madume, wote wapweke, watakosa nini cha kuongea? Nikamtia ndani. Kwa dakika moja walinusana nikaona mambo yamekwisha. Nilikuwa nimeshageuka kuchukua pasi niliposikia kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama mdogo kiasi kile. Walikuwa duara moja la manyoya linazunguka. Nilivaa glavu nene ya boila nikawatenganisha, na hata hivyo mmoja aliitoboa.

Mlinzi amechanika sikio la kushoto na ana tundu mgongoni. Nimemsafisha kwa maji ya chumvi. Amejificha ndani ya kopo lake siku ya tano sasa, na nikipitisha mkono anatetemeka. Zamani alikuwa akipanda kiganjani. Yule mwingine nimemrudisha, na muuza ndege akaniambia, bila aibu, kwamba ndiyo maana na yeye alimtenga.

Najua nilikuuliza na sikungoja jibu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwona anakonda nikaogopa, na mimi nikiogopa mikono yangu hufanya kazi kabla ya kichwa. Nimempata mtu mwingine, mteja wangu wa suti tatu za kijivu, Mwalimu wa Hesabu. Kumbe naye anawafuga, na jike lake limezaa. Watoto wataachishwa ziwa katikati ya Machi. Lakini hatoi hivihivi. Alinihoji nusu saa juu ya kaunta kama naposa: sanduku lina urefu gani, jua linaingia upande upi, nani atakuwapo mchana. Nimejibu yote kwa adabu huku napiga pasi suruali yake.

Mama wa Mtu wa Redio amerudi kuchukua mapazia. Anasema huko kwenu zimezungushwa fomu za kuongeza mkataba mwaka mmoja, na mwanawe amekataa. Wewe hajui umejibu nini. Mimi pia sijui.

Shangazi yako


Kituoni,
2 Machi

Shangazi, shikamoo.

Hatujambo. Wiki hii vipimo vimeganda mara mbili na nimepanda ngazini na birika la maji moto kuviyeyusha, kwa hiyo vidole vyangu havifai kuandika mengi.

Sijakasirika. Nimesoma barua yako mara tatu kutafuta mahali pa kukasirika. Ninaogopa tu. Ulivyoeleza kwamba anatetemeka ukipitisha mkono, nilishindwa kula chakula cha mchana, na mpishi akadhani namsusia.

Chukua mtoto kwa Mwalimu. Weka wavu, badilisha pande kila siku kama nilivyosema. Usiharakishe. Gari halipandi mpaka tarehe 14, kwa hiyo barua hii itakaa mfukoni mwangu siku kumi na mbili, na wewe huko utakuwa unafanya nini, sijui.

Sikio litapona.

Mwanao


31 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi. Kiwiko kimepata nafuu. Msichana wa kaunta ameolewa na ameacha kazi, nami nimebaki na kaunta, boila na panya, na katika hao watatu boila ndiye mwenye akili.

Mtoto amekuja tarehe 20. Anaitwa Sifuri, ndivyo Mwalimu alivyomwita kwa kuwa alizaliwa wa mwisho na mdogo kuliko wote. Ni mweupe na ana doa jeusi kwenye pua, anatosha kwenye kikombe cha chai. Mwalimu alimleta mwenyewe, akaukagua wavu kwa kuuvuta na vidole, akasema utafaa.

Leo ni siku ya kumi na moja, mwanangu, na mambo si mazuri. Mtoto kila siku anakwenda kwenye wavu na kuingiza pua. Na kila siku Mlinzi anamrukia kama jana hawakuonana. Anasimamisha manyoya, anagonganisha meno, anapiga miguu mpaka kioo kinatikisika. Juzi alishika ukucha wa mtoto kupitia tundu la wavu, na mtoto akalia. Mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi.

Nafanya kila ulichosema. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nawatoa wote wawili na kuwaweka kwenye ndoo mbili, kila mmoja yake. Namwaga maranda ya jana, naliosha sanduku kwa sabuni na maji ya moto, pande zote mbili, nalisuuza mara tatu, nalikausha kwa mvuke mpaka kioo kinalia ukipitisha kidole. Naosha wavu kwa brashi. Kopo, bakuli, mchanga wao wa kuogea, vyote vipya. Halafu ndipo nawabadilisha pande, kila mmoja anaingia mahali safi pasipo hata chembe ya mwenzake. Hata hospitali hawapati usafi huo. Hakuna atakayesema binti wa kaka yangu alimwacha mnyama wake kwa dobi akakuta uchafu.

Lakini hataki. Niambie ninakosea wapi. Mwalimu anasema kama katika wiki mbili hali ni hii atakuja kumchukua Sifuri, na mimi nimeshamzoea. Halafu Mlinzi atabaki peke yake tena, na mbavu tayari naweza kuzihesabu.

Umesaini ile fomu? Sikulazimishi kujibu. Nauliza tu.

Shangazi yako


Kituoni,
11 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Dereva amekubali kunywa chai kwanza, kwa hiyo nina robo saa.

Acha kuosha. Leo hiihii, ukimaliza kusoma, acha. Kosa ni langu, nilikwambia cha kufanya sikukwambia kwa nini. Hawa hawajuani kwa sura. Wanajuana kwa harufu. Tunawabadilisha pande ili Mlinzi alale kwenye maranda aliyolalia mtoto, akojoe pale mtoto alipokojoa, na mtoto vivyo hivyo, mpaka kila mmoja anuke mwenzake na wasijue tena nani ni nani. Wewe kila asubuhi unaifuta harufu yote. Kwa hiyo kila asubuhi Mlinzi anamwona mgeni aliyeingia nyumbani kwake siku hiyo, na nyumba yenyewe hainuki kama kwake. Siku kumi na moja amepokea wageni kumi na mmoja.

Anza upya. Usibadilishe maranda. Usioshe kioo. Mchanga uleule kwa wote wawili. Patanuka, na ndivyo inavyotakiwa. Mwombe Mwalimu akuongezee wiki mbili, mweleze, ataelewa.

Samahani kwa mstari nilioukata hapa chini. Sikuwa na karatasi nyingine. Haukuwa na maana.

Mwanao


22 Aprili

Mwanangu,

Sikusalimu na siulizi habari za baridi, nitaziuliza mwisho.

Mstari ule nimeusoma. Uliupitisha kalamu mara nyingi, lakini mtu aliyetoa madoa ya wino miaka thelathini hashindwi na mikwaruzo ya kalamu. Niliuweka juu ya taa ya kukagulia madoa. Uliandika: "Unaosha kila kitu, Shangazi. Uliosha hata mashati ya Baba."

Nilikaa chini. Wateja wawili waligonga kengele ya kaunta wakaondoka.

Ulipofika kutoka kwenye mafunzo, siku mbili baada ya mazishi, ulikwenda moja kwa moja kwenye kabati la baba yako, ukalifungua, ukasimama. Mashati kumi na moja, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa, na vibandiko vya namba vya duka bado viko kwenye kola, kwa sababu sikukumbuka kuvitoa. Ukaniambia, "Asante, Shangazi." Nami nikadhani asante yako ni asante. Baada ya mwezi ukaomba kazi mlimani. Akufukuzaye hakwambii toka, na kumbe hata anayekukimbia hasemi. Mwaka na nusu nimejiuliza nilikukosea nini. Nilifikiri labda ni chakula cha msiba, labda ni neno nililosema mbele ya watu. Mashati sikuyawaza hata siku moja. Mashati ndiyo jambo nililojivunia.

Sasa nisikilize. Najua ulichokuwa ukitafuta mle kabatini. Ulitaka harufu ya hamira na unga, ile aliyokuja nayo kutoka tanurini kila alfajiri tangu hujaanza kutembea, hata ukawa unamwita Mkate. Haikuwamo. Ningekuwa sijayagusa mashati yale, nakuapia usingeikuta. Miezi mitano ya mwisho kaka yangu hakukanyaga kiwanda cha mikate. Hamira iliisha kwenye nguo zake mwezi wa kwanza. Zilizofuata zilinuka dawa ya kuchua, na vidonge, na jasho la homa, na mambo mengine ambayo mtoto wa kike hapaswi kuyakumbuka kwa baba yake. Wewe ulikuwa mbali, na yeye ndiye alikataa uambiwe hali ilivyokuwa, ili umalize mitihani. Nilifungua kabati siku ile ya mazishi, ikanipiga usoni, nikasema mtoto asikute hii. La kuvunda halina ubani. Nikabeba zote.

Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba sikujua kufanya kitu kingine. Watu walikuwa sebuleni wanalia, wanajua kulia. Mimi nikashuka dukani nikawasha boila. Nimefua mashati ya kaka yangu mpaka jioni, na lile la kijani nilifua mara mbili ingawa lilikuwa limeshatakata.

Kama ningekuwa na kitu chochote chake ambacho hakijaguswa na sabuni ningekutumia kwa gari hili. Nimetafuta kuanzia juzi. Nimevuta mpaka droo za viatu. Sina hata leso, mwanangu. Nisamehe.

Panya: leo ni siku ya saba bila kuosha. Nimelipandisha sanduku chumbani kwangu maana dukani pasingekalika. Naamka na uvundo, nalala na uvundo, na mara mbili nimejikuta nimeshika brashi bila kujua nimeichukua wapi. Jana nimeifungia brashi kwenye kabati la duka na ufunguo nimempa Mwalimu. Amenipa wiki mbili, anasema hesabu yake inakubali. Mlinzi bado anasimamisha manyoya, lakini meno hagonganishi tena. Leo asubuhi alilala. Hakulalia wavu, alilala katikati ya upande wake. Sithubutu kufurahi.

Baridi ikoje huko?

Shangazi yako


Kituoni,
5 Mei

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 25. Gari liliondoka bila jibu langu kwa sababu sikuweza kuandika. Nimeanza mara nne. Hii itashuka tarehe 9.

Nianze na baya. Nilisaini. Nilisaini tarehe 22 Aprili, siku ileile uliyokuwa unaniandikia, na Mkuu wa kituo akaisoma fomu kwenye redio jioni ileile. Mwaka mmoja zaidi. Barua yako ilipofika, nilikwenda kumwomba aifute, akasema mwenzangu amekataa na kituo hakiwezi kubaki bila mtu wa vipimo. Hakuwa mkali, alinisikitikia, lakini imeshapita. Kila nilipokuandikia "tutaongea" nilikuwa nakwepa, na sasa ninataka kuongea na nimejifungia mwenyewe.

Sikujua kuhusu miezi mitano. Kwenye simu alikuwa ananiambia mafua. Nilikuwa namwuliza, "Baba, unakwenda kazini?" na ananijibu kwamba mikate haijiumui yenyewe. Nilifika nimechelewa nikakuta kabati la mashati yenye vibandiko kwenye kola, namba 214 mpaka 224, bado nazikumbuka, kama mashati ya mteja ambaye angepita Ijumaa kuyachukua. Nilikuchukia, Shangazi. Nasema hivi kwa sababu wewe umesema yote. Niliona umemfuta. Nilikuachia wale panya kwa sababu sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumwachia, halafu nikaona uchungu kwamba ndivyo ilivyo.

Sasa ninapofikiria lile shati la kijani kufuliwa mara mbili, siwezi kupanda ngazi ya vipimo. Mtu wa Redio amenipandia siku tatu.

Wananipa likizo. Siku ishirini, kuanzia tarehe 7 Juni. Najua si ulichokuwa unangoja. Nilitaka kurudi kabisa na ninakuja kama mgeni, na ninaogopa tutakaa siku zote hizo tunapishana mlangoni kwa adabu, "asante Shangazi", "karibu mwanangu", kisha gari litakuja. Kama unaona ni heri nije mwakani nikimaliza, niambie, sitakasirika.

Niambie pia Mlinzi na mtoto wameishia wapi. Kama ni habari mbaya, iandike mwanzoni kabisa.

Binti wa kaka yako


18 Mei

Mwanangu,

Habari ni njema, nimeiweka mwanzoni ulivyotaka.

Wavu niliutoa tarehe 29 Aprili. Nilifunga duka saa tano asubuhi, kitu ambacho sikufanya hata boila ilipopasuka. Mwalimu alikuja na saa yake na ufunguo wa brashi. Mimi nilivaa glavu ya boila, ile yenye tundu. Siku mbili kabla walikuwa wameshaanza kulala mgongo kwa mgongo na wavu katikati, lakini nilikumbuka dakika ile moja ya Februari nilipogeuza uso, nikasema leo sigeuki.

Mtoto alikwenda mwenyewe. Alitambaa mpaka chini ya kidevu cha Mlinzi akalala chali. Mlinzi alimkanyaga kifuani kwa mguu mmoja, akakaa hivyo muda mrefu, nami nikaona mwisho umefika. Kisha akainama akaanza kumlamba sikio. Akamlamba uso mzima na lile doa la puani, kama nalo ni doa la kutoa. Mwalimu alitazama saa, akasema dakika arobaini bila tukio, akafuta miwani. Nilimpigia pasi suti zote tatu siku hiyohiyo.

Wanalala kwenye kopo moja. Mlinzi anakula, mbavu hazionekani tena. Ile tap-tap bado ipo, lakini ni mtu akipanda ngazi tu, kama mlinzi anayejua kazi yake. Nilipobadilisha maranda kwa mara ya kwanza niliacha konzi moja ya yale ya zamani, kama Mwalimu alivyonielekeza.

Hiyo fomu uliyosaini, umesaini. Nililia nikamaliza, sitakuficha. Na hayo uliyosema kwamba ulinichukia, heri umeyasema, nilikuwa nimeyahisi mwaka na nusu bila kuyajua jina. Mikate haijiumui yenyewe, eti. Nilicheka peke yangu dukani. Ni yeye huyo, mwongo wangu mpenzi.

Lakini usinipangie kuhusu mwakani. Utakuja tarehe 7. Hutalala kule nyumbani kwenu peke yako, utalala hapa juu ya duka, chumba kimoja na mimi na panya, kitanda hiki hiki ni kipana. Siku za kwanza tutaoneana haya, halafu tutagombana, najua, tuna mambo ya kugombania. Utaniambia habari za kola na namba, mimi nitakwambia habari za miezi mitano, moja baada ya moja, hata zile mbaya. Hatutapishana mlangoni kwa adabu kwa sababu chumba hakina nafasi hiyo.

Siku ishirini zinatosha, mwanangu. Hawa walihitaji kumi na nne.

Shangazi yako